Volteji inayogeuka ishara: athari ya Hall katika superkondakta zinapobeba mkondo mkubwa

Mwezi Julai 2023 video ya kipande cheusi cha madini kilichoinuka upande mmoja juu ya sumaku ilisambaa kwenye simu za watu duniani kote. Watafiti wa Korea Kusini walikuwa wametangaza kwamba kitu hicho, LK-99, ni superkondakta katika halijoto ya kawaida ya chumbani. Haukupita muda mrefu maabara nyingine zikakitengeneza upya na kukikataa. Ule mporomoko wa ukinzani kwenye nyuzi 104 hivi za Selsiasi ulitokana na salfaidi ya shaba iliyochanganyika humo kama uchafu, ambayo hubadili mpangilio wa fuwele zake kwenye halijoto hiyo hiyo. Zogo likaisha. Vichwani mwa wengi ikabaki tafsiri moja fupi: superkondakta ni kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani, basi.

Tafsiri hiyo si ya uongo, ila ina masharti ambayo hayatajwi. Iweke superkondakta ndani ya uga wa sumaku, ipitishie mkondo mkubwa, na volteji itatokea. Tena zitatokea volteji mbili: moja kwa urefu wa kipande, kufuata mkondo, na nyingine ya kukingama, kutoka ukingo hadi ukingo. Hii ya kukingama ndiyo athari ya Hall, na katika superkondakta za halijoto ya juu ina tabia iliyozua mabishano tangu mwaka 1988. Kipande kinapopozwa na kuanza kuwa superkondakta, volteji hiyo inageuka kutoka chanya kuwa hasi. Wapo wanaosoma habari hiyo na kuhitimisha kwamba chaji zinazobeba umeme zimegeuka kuwa za aina nyingine. Hazijageuka. Kilichobadilika ni kitu kingine kabisa, na ili kukiona vizuri wapimaji hulazimika kuongeza mkondo mpaka karibu na kukiunguza kipande chenyewe.

Kwanza, Hall wa kawaida

Mwaka 1879 Edwin Hall, akiwa bado mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, alipitisha umeme kwenye jani jembamba la dhahabu lililowekwa katikati ya ncha za sumaku. Hakupima volteji kutoka mwanzo hadi mwisho wa jani. Alipima kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na akaipata. Sababu yake ni kwamba chaji inayosafiri ndani ya uga wa sumaku husukumwa upande. Chaji zikirundikana ukingo mmoja, ukingo wa pili unapungukiwa, na tofauti hiyo ndiyo inayosomeka kwenye mita.

Ishara ya volteji hii ina habari ndani yake. Katika dhahabu na shaba wanaobeba mkondo ni elektroni, na ishara ni hasi. Katika vitu vingine, nafasi zilizoachwa wazi na elektroni ndizo zinazosafiri, zikitenda kana kwamba ni chembe zenye chaji chanya. Wanafizikia huziita matundu, na hapo ishara huwa chanya. Ukubwa wa volteji nao una maana: wabebaji wakiwa wachache, volteji huwa kubwa. Ndiyo maana vihisi vya Hall hutengenezwa kwa nusu-vipitishi na si kwa shaba. Aksileta ya pikipiki ya umeme ina kihisi cha aina hiyo: ukizungusha mkono, sumaku ndogo inasogea mbele yake na volteji inapanda kutoka karibu volti 1 hadi karibu volti 4. Mota ya gurudumu kwa kawaida ina vingine vitatu vinavyoiambia kontrola rota iko wapi.

Superkondakta ya «halijoto ya juu» si ya moto

Neno «juu» hapa linalinganishwa na zilizotangulia tu. Zebaki, ambayo Heike Kamerlingh Onnes aliigundulia tabia hii Leiden mwaka 1911, ilihitaji kupozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, kwenye maabara ya IBM karibu na Zürich, walipata oksidi ya lanthanamu, bariamu na shaba iliyoanza kuwa superkondakta kwenye takriban nyuzi 240 chini ya sifuri. Mwaka uliofuata ikapatikana oksidi ya yitriamu, bariamu na shaba, ambayo kila mtu kwenye fani huiita YBCO, inayofanya kazi kuanzia nyuzi 181 hivi chini ya sifuri.

Tofauti hiyo ilibadilisha hesabu ya fedha, kwa sababu naitrojeni kimiminika huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Ni naitrojeni ile ile ambayo wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe hubeba kwenye mitungi ya kuhifadhia mbegu. Ukiwa na mtungi huo unaweza kuipoza YBCO hadi ukinzani wake utoweke. Kwa zebaki ungehitaji heliamu kimiminika, ambayo ni adimu na ghali.

Jambo moja la kukumbuka kuhusu YBCO kabla hatujaendelea: ikiwa na joto kuliko nyuzi zake 181 chini ya sifuri, yaani ikiwa bado si superkondakta, volteji yake ya Hall ni chanya. Wabebaji wake ni matundu, yanayosafiri kwenye tabaka za shaba na oksijeni.

Visulisuli

Superkondakta hukataa uga wa sumaku usiingie ndani yake. Walther Meissner na Robert Ochsenfeld walionyesha hivyo mwaka 1933. Lakini YBCO na jamaa zake hukataa mpaka kiwango fulani tu, ambacho ni kidogo. Uga ukizidi hapo, unaingia ndani kwa umbo la nyuzinyuzi nyembamba, kila uzi ukizungukwa na mkondo wa umeme unaokwenda mviringo. Uzi mmoja pamoja na mkondo wake unaouzunguka ndio tutakaouita kisulisuli. Alexei Abrikosov alivieleza kwa hesabu mwaka 1957 na akapata tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Kila kisulisuli hubeba kiasi kile kile cha usumaku, weber 2.07 × 10⁻¹⁵, hakizidi wala hakipungui. Kwa hiyo ukijua nguvu ya uga, unajua idadi yao. Kwenye tesla 1 kuna visulisuli 480 hivi ndani ya mikrometa moja ya mraba, kimoja kikiwa nanometa 50 hivi kutoka kwa mwenzake. Kiini cha kila kimoja kina upana wa nanometa chache tu, na ndani ya kiini hicho hali ya superkondakta imevunjika.

Sasa pitisha mkondo. Mpiga kona anapoukata mpira, mpira unazunguka huku ukipita hewani. Upande mmoja mwendo wa uso wake unajumlika na wa hewa, upande wa pili unapingana nao, na mpira unapinda. Kisulisuli nacho kimezungukwa na mkondo wake. Mkondo mkuu unapopita, upande mmoja mikondo miwili inajumlika, upande wa pili inapunguzana, na kisulisuli kinasukumwa kukingama, pembe mraba na mkondo mkuu.

Kikianza kusogea, mambo yanaharibika. Usumaku unaosogea huzaa uga wa umeme, na ukubwa wake ni nguvu ya uga wa sumaku mara mwendo wa visulisuli. Kwenye tesla 1, visulisuli vikienda mita 200 kwa sekunde vinazaa volti 200 kwa kila mita. Volteji hiyo inaelekea sambamba na mkondo, na volteji iliyo sambamba na mkondo maana yake ni ukinzani na joto. Kipande hakijaacha kuwa superkondakta. Elektroni au matundu yake bado yako jozi jozi, na jozi hizo ndizo zinazopitisha umeme bila ukinzani. Ila visulisuli vinatembea, na kutembea kwao kunakula nishati.

Ndiyo maana kazi kubwa ya watengenezaji wa nyaya za YBCO ni kuvinasa visulisuli visisogee. Kwenye utepe wa siku hizi, tabaka la superkondakta lenye unene wa mikrometa 1 au 2 hupakwa juu ya utepe wa aloi ya nikeli, na ndani ya tabaka hilo huchanganywa chembechembe ndogo mno, kwa mfano za zirkoneti ya bariamu. Kisulisuli kikipitisha kiini chake kwenye chembe hiyo, kinaokoa nishati, na hakitoki hapo kwa urahisi. Mkondo ambao utepe unaweza kubeba hutangazwa kwa kanuni ya kukubaliana: ni ule unaozaa mikrovolti 1 kwa kila sentimeta. Kwa hiyo hata «ukinzani sifuri» wa kwenye karatasi ya kiwanda una kipimo, na kipimo hicho ni cha visulisuli vilivyoanza kuponyoka.

Volteji ya kukingama inatoka wapi

Kisulisuli kikisogea pembe mraba kabisa na mkondo, volteji pekee itakayoonekana ni ya urefu. Kikienda mshazari kidogo, sehemu ya mwendo wake inakuwa sambamba na mkondo, na sehemu hiyo ndiyo inayozaa volteji ya kukingama. Hapa ndipo penye ufunguo wa jambo lote. Ndani ya superkondakta, volteji ya Hall haihesabu chaji. Inaeleza visulisuli vinaelekea wapi.

Katika YBCO, visulisuli vikikokotwa kidogo kufuata mkondo, ishara ni chanya, sawa na ilivyokuwa kabla ya kupoza. Vikienda kinyume cha mkondo, ishara ni hasi. Nadharia za kwanza, ya John Bardeen na Michael Stephen mwaka 1965 na ya Philippe Nozières na William Vinen mwaka 1966, zilitofautiana katika ukubwa wa mshazari huo, lakini zilikubaliana kwamba kisulisuli lazima kielekee kule mkondo unakoelekea. Hakuna iliyotarajia kirudi nyuma.

Vipimo vikasema vingine. Poza utando wa YBCO ndani ya uga wa tesla moja au mbili. Volteji ya Hall inaanza chanya, inashuka ukikaribia mpito, yaani halijoto ambapo kipande kinaanza kuwa superkondakta, inapita sifuri, inazama upande wa hasi, halafu inarudi sifuri visulisuli vyote vinaponasa. Yote hayo hutokea ndani ya nyuzi chache tu. Uga ukiongezwa sana, bonde hilo la hasi hufifia. Katika superkondakta za bismuthi ishara hugeuka mara mbili: chanya, hasi, kisha chanya tena. Na si oksidi za shaba peke yake. Miaka ya nyuma mageuzi ya namna hii yalishaonekana hata kwenye baadhi ya vipande vya metali za niobi na vanadi.

Ukikipasha kipande hicho hicho joto kwa nyuzi kadhaa, ishara inarudi chanya mara moja. Hakuna kemikali iliyobadilika, hakuna chaji iliyoongezwa. Mtu anayesema kwamba matundu yamegeuka kuwa elektroni anaisoma mita ya superkondakta kwa sheria za dhahabu ya Hall.

Swali halisi ni kwa nini visulisuli virudi nyuma, na majibu yaliyotolewa yanaangukia makundi mawili. Kundi la kwanza linasema ni kunasa: visulisuli vilivyokwama na vile vinavyoponyoka vinasukumana, na mwelekeo wa jumla unapotoka. Kundi la pili linasema tabia hii imo ndani ya kisulisuli chenyewe. Huenda kiini kina chaji kidogo tofauti na mazingira yake. Huenda pia jozi hazitendi sawasawa kwa upande wa elektroni na kwa upande wa matundu. Hesabu za Alan Dorsey mwaka 1992 na za Nikolai Kopnin na wenzake mwaka uliofuata zilionyesha kwamba tofauti ndogo ya namna hiyo inatosha kugeuza ishara.

Kwa nini mkondo mkubwa

Ukipima kwa mkondo mdogo, huwezi kuyatenganisha makundi hayo. Visulisuli vimenaswa nusu, na unachosoma ni mchanganyiko wa tabia ya kisulisuli na tabia ya takataka iliyokinasa. Lakini nguvu ya kunasa ina kikomo. Mkondo ukiongezwa mpaka msukumo wake uipite kwa mbali nguvu hiyo, visulisuli hutiririka karibu kama hakuna kilichowahi kuvishika. Kama ishara ya hasi ni mtoto wa kunasa, itatoweka. Kama ni ya kisulisuli chenyewe, itabaki.

Kulisema hilo ni rahisi. Kulipima ni shughuli. Tuchukue vipimo vya kawaida. Utando wa YBCO wenye unene wa nanometa 100 unaoteshwa juu ya bamba la oksidi ya magnesi, kisha unakatwa kwa mwanga na asidi hafifu ubaki mstari wenye upana wa mikrometa 50. Pembeni mwa mstari huo hutokezwa mikono miwili miwili ya kupimia, jozi moja ikiwa mikrometa 100 kutoka kwa nyingine. Mahali pa kuunganishia waya hupakwa dhahabu na kuchomwa ndani ya oksijeni, la sivyo kiungo chenyewe kitakuwa na ukinzani na kukipasha joto kipande.

Pitisha mkondo mdogo, miliampia 1, juu kidogo ya halijoto ya mpito na kwenye tesla 1. Volteji ya urefu kati ya mikono ni milivolti 20 hivi. Volteji ya Hall ni mikrovolti 15 hivi. Sasa tuseme mikono miwili inayokabiliana ilikatwa vibaya kwa mikrometa 1 tu, moja ikawa mbele ya mwenzake. Kosa hilo peke yake linaingiza mikrovolti 200 za volteji ya urefu ndani ya kipimo chako, zaidi ya mara kumi ya kile unachokitafuta.

Dawa yake ni kugeuza uga. Volteji ya Hall hubadili ishara uga unapogeuzwa, ya kosa la mikono haibadiliki. Unapima na uga ukielekea juu, unapima tena ukielekea chini, unatoa, unagawa kwa mbili. Njia hiyo hiyo huondoa tatizo jingine lenye hila: katika YBCO kuna mipaka ndani ya fuwele ambayo visulisuli hupenda kuifuata, na kuongozwa huko huzaa volteji ya kukingama isiyo ya Hall. Nayo haibadiliki uga ukigeuzwa, kwa hiyo inafutika. Mwelekeo wa mkondo pia hugeuzwa, ili kuondoa volteji ndogo zinazotokana na tofauti ya joto kwenye viungo vya waya. Kila nukta moja kwenye grafu inatokana na vipimo vinne. Grafu ya Hall ambayo mwenyewe hasemi kama aligeuza uga ni ya kuwekwa kando.

Adui ni joto

Sasa ongeza mkondo hadi miliampia 50. Ni kidogo kwa macho ya fundi wa umeme, lakini mstari wetu ni mwembamba mno, kwa hiyo unabeba ampia milioni 1 kwa kila sentimeta ya mraba. Ukinzani ukiwa ohmu 20, joto linalozalishwa ni miliwati 50 ndani ya eneo la mikrometa 100 kwa 50. Ukikokotoa, ni kilowati 1 kwa kila sentimeta ya mraba.

Joto hilo lina njia moja ya kutoka, kupitia bamba lililo chini. Ndani ya utando wenyewe, kama joto lisingetoka kabisa, halijoto ingepanda kwa takriban nyuzi 100 kwa kila mikrosekunde. Kwa bahati linatoka upesi: utando wa unene huu humwaga joto lake kwenye bamba ndani ya nanosekunde 10 hivi. Hata hivyo mpaka kati ya utando na bamba nao unalizuia kidogo, na kwa nguvu tuliyotaja utando unabaki na joto lililozidi la bamba kwa karibu nyuzi 1. Baada ya hapo bamba lenyewe linaanza kupata joto, polepole, kwa mikrosekunde na zaidi.

Nyuzi 1 inaonekana ndogo. Kumbuka kwamba bonde lote la hasi linakaa ndani ya nyuzi chache. Kipande kilichopata joto la nyuzi 1 kinasogeza grafu nzima pembeni, na mpimaji anayeamini kipimajoto kilichokaa kwenye bamba ataona ishara imerudi chanya mahali ilipokuwa hasi. Ataandika kwamba mkondo mkubwa umefuta hali ya hasi, kumbe kipande kimepata joto tu.

Ndiyo maana mkondo mkubwa haupitishwi mfululizo. Hutumwa kwa mapigo mafupi, mikrosekunde chache au chini ya hapo, na kati ya pigo na pigo kipande hupewa muda mrefu zaidi mara elfu ili kipoe. Volteji husomwa mwishoni mwa pigo, inapokuwa imetulia, kwa osiloskopu na kikuza-volteji cha kasi, si kwa mita ya kawaida ya maabara.

Kuna hakikisho mbili ambazo mimi nazithamini kuliko maelezo yoyote marefu ya vifaa. Ya kwanza ni kukifanya kipande chenyewe kipimajoto. Juu ya mpito, ukinzani wa YBCO hupanda karibu kwa mstari mnyoofu na halijoto. Karibu na nyuzi 173 chini ya sifuri ni kama asilimia 1 kwa kila nyuzi. Huko hakuna visulisuli, kwa hiyo ukinzani haupaswi kutegemea mkondo. Ukiongeza mkondo na ukinzani ukapanda asilimia 2, umekipasha kipande nyuzi 2, na hakuna maelezo mengine. Ya pili ni kuchora volteji ya Hall dhidi ya volteji ya urefu, kila moja ikiwa imegawanywa kwa mkondo, badala ya dhidi ya halijoto. Kama kilichotokea ni kupata joto tu, volteji zote mbili zimesogea pamoja na mstari unabaki ule ule. Kama mkondo umebadilisha kitu kweli, umbo la mstari linabadilika.

Hata ukilidhibiti joto, mkondo hauwezi kuongezwa bila mwisho. Visulisuli vikifikia mwendo wa takriban kilomita 1 kwa sekunde au zaidi, viini vyao hupoteza chembe zenye nishati, msuguano unapungua ghafla, mwendo unaongezeka zaidi, na volteji inaruka mara moja hadi hali ya kawaida. Anatoly Larkin na Yuri Ovchinnikov walilitabiri hilo mwaka 1975. Kwenye maabara ni hatari ya kweli: chanzo cha mkondo kisipokatwa papo hapo, mstari wa mikrometa 50 unakatika kama fyuzi na wiki kadhaa za kazi zinakwenda nao.

Kilichoonekana

Vipimo vya mapigo vilivyofanywa tangu miaka ya 1990 vinakubaliana katika mambo ya msingi. Mkondo unapoongezwa, volteji ya Hall inaonekana hadi kwenye halijoto za chini zaidi, pale ambapo kwa mkondo mdogo ilikuwa sifuri kwa sababu visulisuli vilikuwa vimenasa. Na ishara ya hasi inabaki. Haitoweki visulisuli vinapoachiliwa. Hilo linawanyima nguvu wanaosema kwamba kunasa ndiko kunakozaa mgeuko wa kwanza.

Kunasa kuna mchango wake, lakini mahali pengine. Katika YBCO, kwenye uga mdogo, wakati mwingine ishara hurudi chanya mara ya pili kabla ya kufikia sifuri. Mgeuko huo wa pili ni dhaifu: ukiongeza mkondo, au ukiinamisha uga kidogo ili visulisuli visilale sambamba na mipaka ya fuwele inayovinasa, unafifia. Huo ndio unaobeba alama ya kunasa.

Valerii Vinokur na wenzake walikuwa wameshaeleza mwaka 1993 jinsi ya kuyatenga mambo haya kwenye karatasi. Kunasa, walisema, kunapunguza mwendo wa visulisuli lakini hakugusi kile kinachoitwa upitishaji wa Hall, ambacho hupatikana kwa kugawa ukinzani wa kukingama kwa mraba wa ukinzani wa urefu. Kwa hiyo ukinzani wa urefu ukishuka mara 10, ule wa Hall unapaswa kushuka mara 100. Vipimo vingi vinaangukia karibu na hapo, vingine vikionyesha kipeo cha 1.7 badala ya 2. Ndiyo maana kwenye fani hii mtu akikuonyesha volteji ya Hall tupu, swali la kwanza ni upitishaji wa Hall unaonekanaje.

Mkondo mkubwa una athari nyingine isiyohusiana na kunasa kabisa. Juu kidogo ya halijoto ya mpito, jozi huzaliwa na kufa haraka kabla hazijatulia, na hizo nazo huchangia volteji ya Hall. Uga wa umeme ukiwa mkali huziongezea mwendo na kuzivunja upesi zaidi. Ion Puica na Wolfgang Lang wa Chuo Kikuu cha Vienna walifanya hesabu ya jambo hili kwa superkondakta zenye tabaka katika miaka ya mwanzo ya 2000. Anayelinganisha grafu ya mkondo mdogo na ya mkondo mkubwa karibu na mpito lazima aihesabu athari hii pia, la sivyo ataihesabia kunasa deni lisilo lake.

Ushahidi mzito zaidi wa upande wa kisulisuli chenyewe umetoka mahali pasipohusu mkondo. Mwaka 1998 kundi la watafiti wa Japani lilichapisha vipimo vya aina mbalimbali za oksidi za shaba zilizotofautiana kwa wingi wa matundu. Zenye matundu machache kuliko kiwango bora, yaani kile kinachoipa oksidi halijoto ya juu zaidi ya mpito, ziligeuka kuwa hasi. Zenye matundu mengi zaidi ya kiwango hicho zilibaki chanya. Takataka zinazonasa visulisuli hazina sababu ya kujipanga kwa kufuata idadi ya matundu. Mpangilio wa elektroni ndani ya fuwele unayo. Kwa hiyo utando wa kujaribiwa kwa mapigo makali unapochaguliwa, kiasi chake cha oksijeni, ambacho ndicho kinachopanga wingi wa matundu katika YBCO, kinapaswa kuandikwa kando ya unene, upana na urefu wa pigo. Grafu mbili za vipande viwili vyenye oksijeni tofauti zinaweza kuwa na ishara tofauti na zote zikawa sahihi.